Anaweza, au Bado

Jina la Cheche alipewa ujanani, alipokuwa fundi katika karakana ya shirika la maji, na halikuwa jina la kuokota. Aliunga mabomba makubwa ambayo mtoto angeweza kupita ndani yake bila kuinama, na kila jioni alirudi nyumbani na shati lenye matundu madogo madogo yaliyotobolewa na moto. Mama yake aliyaziba kwa sindano huku akinung'unika, "Mwanangu, hili si shati tena, ni chujio. Siku moja nitachujia chai."

Kazi alifunzwa na msimamizi mmoja mkali, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Msimamizi huyo alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya mwanagenzi na kumgonga kifundo kwa kipande cha mti kila kijiti cha kuchomelea kilipogusa chuma. "Usikanyage!" alikuwa akifoka. "Chuma hakikanyagwi. Acha upenyo, moto upite." Maana kazi yote ya kuchomelea imo katika upenyo ule mdogo ulio kati ya ncha ya kijiti na chuma. Ukikandamiza, kijiti kinanata na mashine inaguna. Ukiinua mno, moto unazimika. Upenyo huo hauelezeki kwa maneno. Unakaa mkononi, nao mkono unaupata kwa kuunguza vijiti vingi na kupigwa kifundo mara nyingi, hadi siku moja mtu anajikuta anao na hajui umeingia saa ngapi.

Kwa hiyo Cheche alijua. Hilo lieleweke mapema. Wako watu wanaokosea kwa kutojua, na hao tunawahurumia. Yeye hakuwa mmoja wao.

Shirika la maji lilipovunjwa, Cheche alipata ualimu katika chuo cha ufundi. Siku hizo karakana ya chuo ilikuwa na mashine kuukuu zilizonguruma kama mafahali wenye mafua, lakini zilitoa moto. Vijana walitoka pale wakiwa na makovu mikononi na kazi ya kufanya. Baada ya hapo yakaanza mageuzi. Mradi wa kwanza ulileta makabati ya kuhifadhia vifaa. Uliofuata ulileta semina ya kutunza makabati. Mwingine ukaja ukaona makabati yanakula nafasi ya kufundishia, ukayatoa. Bawabu wa chuo, mtu asiye na breki mdomoni, alikuwa akisema, "Chuo hiki kimegeuzwa mara nyingi kuliko mgonjwa kitandani. Na kama huyo mgonjwa, kila upande kina kidonda."

Mageuzi yaliyobadilisha maisha ya Cheche yalikuja na mtaala mpya. Nao, tusiuonee, haukuwa mbaya. Ulisema hatutaki kujua kijana amekaa darasani muda gani, tunataka kujua mikono yake inaweza nini. Alama zikafutwa. Hakukuwa tena na daraja la kwanza wala la pili. Kwa kila kazi, mwanafunzi aliambiwa neno moja kati ya mawili: anaweza, au bado.

"Hapo sasa wamesema," Cheche aliwaambia walimu wenzake siku mtaala ulipozinduliwa. "Mtu wa chuma haulizwi historia ya chuma. Chomelea tuone."

Pamoja na mtaala zilikuja mashine mpya, za buluu, zimefungwa kwenye nailoni. Zile za zamani zilipakiwa kwenye lori kama vyuma chakavu ili kuzipisha. Siku ya kuziwasha ndipo ilipogundulika kwamba zinahitaji umeme wa fezi tatu, na waya uliofika chuoni ulikuwa wa kuwashia taa na mashine ya kutolea nakala. Maombi ya transfoma yakapelekwa. Jibu likaja kwamba transfoma iko njiani. Ilikaa njiani hadi wanafunzi wakaanza kuuliza kama inakuja kwa magoti.

Hapo ndipo Cheche alipobuni chaki.

Alichukua kishikio cha mashine, mahali pa kijiti akabana kipande cha chaki, akawaambia wanafunzi wachore mshono juu ya vyuma viwili vilivyolazwa pamoja, kana kwamba wanachomelea. Lilikuwa wazo la akili. Chaki huisha kidogo kidogo kama kijiti kinavyoisha, kwa hiyo mkono unajifunza kuifuata. Kijana anajifunza kusimama, kulaza kishikio, kwenda kwa mwendo usiobadilika. Mshono wa chaki ukikaa sawa, una mawimbi madogo kama magamba ya samaki, na kwa mbali unaweza kudhani ni mshono wa kweli. Wanafunzi wa nyuma walitoa mlio wa moto kwa midomo, "tsssss-krrr," wakashindana nani ana moto mkali zaidi, na Cheche mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini chaki haiandiki mpaka ukandamize. Na kioo cheusi cha ngao ya uso hakionyeshi kitu pasipo moto, kwa hiyo wanafunzi walifanya kazi wameisukuma ngao juu ya paji la uso kama kofia ya sherehe. Mambo mawili ambayo fundi chuma hatakiwi kuyafanya kamwe ndiyo waliyoyafanya kila siku, wakaanza kuyafanya bila kufikiri.

Cheche aliwaonya. Alisema, "Mkishika moto wa kweli, msikandamize. Na ngao mshushe." Wakaandika kwenye madaftari. Lakini mkono hauna masikio, na daftari halichomelei.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Dada huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane aliyekunja mgongo juu ya cherehani hadi mgongo ukakataa kunyooka. Binti alikuwa mtoto wake pekee. Darasani walimwita Rula, kwa sababu mshono wake wa chaki ulinyooka kama umepigwa kwa rula. Nyumbani alimwita Cheche mjomba, na chuoni alimwita mwalimu, na hakuwahi kuchanganya.

Nafasi ya kazi ya Rula ilitoka kwa Mama Mageti, mwenye uwanja wa kutengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma kando ya barabara kuu. Mama huyo alimsimamisha Cheche njiani siku moja.

"Mwalimu, nitafutie binti," alisema. "Wavulana wamenichosha. Huyu anakuja amelewa, yule anaondoka na nondo ndani ya suruali, anatembea kama ana jipu, nami nimpe pole!"

"Ninaye binti," Cheche alisema. "Mpwa wangu."

"Kazi anaijua?"

"Anamalizia."

"Basi mkishamaliza mitihani yenu, niletee. Nafasi ni moja, mwalimu, na wanaoitaka wanalala getini. Asiyejua kazi usiniletee. Nikishafunga mlango huwa sifungui."

Dada yake alipopewa habari hizo, aliinua mguu kwenye cherehani, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Mdogo wangu," alisema, "huyu akishika kazi, na mimi nitapumzika. Sina ombi jingine." Rula alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Tangu siku hiyo kazi kwa Mama Mageti ndiyo iliyokuwa mazungumzo ya nyumba ile, asubuhi na jioni.

Tathmini ikakaribia, transfoma bado iko njiani. Mkuu wa chuo akamwita Cheche ofisini. Hakuwa mtu mbaya, mkuu yule. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye meza safi kuliko dhamiri yake.

"Mwalimu, nikuweke wazi," alisema. "Miongozo inaruhusu. Mahali pasipo na umeme, mwanafunzi ataonyesha kwa kuigiza, na mwalimu wake atathibitisha kwa mdomo kama anaweza. Sasa nisikilize. 'Bado' zikizidi, kozi yako inafungwa. Na ile transfoma inapelekwa kwenye chuo chenye 'anaweza' nyingi."

"Kwa hiyo wakionekana hawajui, umeme hatupati."

"Hatupati."

"Na wakionekana wanajua, tunaletewa umeme, tuwafundishe."

Mkuu akatazama dirishani. "Ndiyo mfumo, mwalimu. Usinione nimekaa nao ukadhani siuoni."

"Waweze kwanza, halafu wajifunze," Cheche alisema, akacheka kidogo, na mkuu naye akacheka. Walikuwa watu wazima wawili, wazazi, na kila mmoja wao alijua kwamba jambo hilo ni uongo. Wakalicheka kama kichekesho, kisha wakalitenda.

Siku ya tathmini alikuja mama mmoja kutoka makao makuu, mpole, viatu vyake havijawahi kukanyaga vumbi la chuma. Wanafunzi walipangwa karakanani mbele ya zile mashine za buluu zilizovalia nailoni. Mmoja mmoja alijitokeza, akabana chaki, akachora. Mtathmini aliinama, akatazama, kisha akamgeukia Cheche na kuuliza kwa sauti ileile kila mara, "Mwalimu, huyu anaweza, au bado?"

"Anaweza," Cheche alijibu kwa wa kwanza, na neno likamkwaruza koo kama mfupa. Kwa wa pili lilipita vizuri zaidi. Kufika katikati ya darasa lilikuwa likitoka lenyewe, kama mtu anayeitikia hodi.

Zamu ya Rula ilipofika, wenzake walisogea waone. Mshono wake ulitoka mweupe, sawa, magamba yamelaliana. Mtathmini akasema, "Loo, safi sana," kisha akauliza swali lake. Cheche akamtazama mpwa wake. Laiti binti angeonyesha wasiwasi hata kidogo! Angeinamisha uso au kuuma mdomo, huenda ulimi wa mjomba wake ungegoma. Lakini Rula alikuwa ametulia. Hakuwa anaomba, alikuwa anasubiri aambiwe jambo analolijua tayari, kwa sababu mjomba wake amekuwa akimsifu kila siku. Mtoto anayekuamini ni mzigo mzito kuliko mtoto anayekushuku.

"Anaweza," akasema Cheche.

Kwa Mama Mageti alimsindikiza mwenyewe, asubuhi, binti amevaa ovaroli ambayo mama yake alikuwa ameipunguza mikono na kuipindia miguu. Uwanja ulikuwa tayari una kelele: grenda zinalia, mafundi wanabishana kuhusu mpira, mageti yameegemezwa ukutani yakisubiri rangi. Mama Mageti alikaa kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, mwanangu. Kona ile pale ya geti, iunge. Chomelea tu kidogo niuone mkono."

Rula akavaa ngao, akachuchumaa. Akashika kishikio vizuri, akakilaza sawasawa, akashusha kijiti, akakandamiza. Mashine ikaguna. Kijiti kikanata kwenye chuma, kikaanza kuiva chekundu tangu ncha hadi shina. Akakivuta hadi kikabanduka. Akapewa kingine, akakandamiza tena, kikanata tena.

"Bibie!" fundi mmoja akaita. "Hiyo si barua, usiandike!"

"Anasahihisha madaftari huyo, mwache!" mwingine akadakia, na uwanja ukaangua kicheko.

Cheche akasogea mbele. "Inua mkono, mama. Inua kidogo, acha upenyo."

Rula akainua ngao, akamgeukia. Uso ulikuwa umelowa jasho, na machoni mwake hamkuwa na aibu bado, mlikuwa na mshangao tu. "Nikiinua haichori, mjomba," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua, na mafundi waliokuwa karibu wakaacha kucheka ili waelewe alimaanisha nini. Hawakuelewa. Cheche alielewa. Kabla hajajibu, binti alikuwa ameshusha ngao na kurudi kwenye chuma. Safari hii aligusa na kuinua kwa bahati, moto ukawaka, na kwa kuwa hakuona mstari wake unakwenda wapi, akafanya alivyozoea: akaisukuma ngao juu ya paji la uso. Mwanga ukampiga machoni. Akapiga ukelele, akaachia kishikio, akajifunika uso kwa mikono.

Mama Mageti aliweka kikombe chini. Aliagiza aletewe maji, akamwosha binti uso mwenyewe, taratibu, akamkalisha kivulini. Kisha akamvuta Cheche kando, nyuma ya mageti.

"Mwalimu, umenidharau hivi kwa nini?"

"Mama, mchukue kama mwanagenzi. Asilipwe kitu. Afagie, aangalie, atashika kidogo kidogo. Ana bidii."

"Bidii nimeiona. Hiyo ndiyo inayonitisha. Nikichukua mtoto wa mtaani ambaye hajawahi kushika kitu, mkono wake ni mtupu, nitaujaza. Huyu mkono wake umeshajazwa. Nitaanza kumwaga lini, na nitajaza lini? Na macho je? Akipofuka hapa kwangu, utakuja wewe kumwambia mama yake?" Akaitazama ile kona ya geti. "Nilikuuliza kama kazi anaijua."

Cheche alimchukua mpwa wake, wakaondoka kwa miguu, binti amefumba macho na kumshika mjomba wake mkono kama kipofu anayeongozwa.

Jioni ile macho ya Rula yalivimba. Alisema anahisi kama yamejazwa mchanga na pilipili. Mama yake alikuwa akichovya kitambaa kwenye maji na kumwekea, akichovya na kumwekea, bila kumtupia mdogo wake jicho. Cheche alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Mjomba," Rula aliita kutoka chini ya kitambaa. "Kwamba nikikandamiza kinanata. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu chaki ya kwanza."

Binti akageukia ukutani. Hakulia, au kama alilia, macho yale yalikuwa yanatoa machozi yenyewe na hakuna aliyeweza kutofautisha.

Cheche alijaribu kurekebisha. Tusimnyime haki yake. Alizunguka vibanda vya wachomeleaji vilivyo nyuma ya soko akiomba mashine ya kufundishia. Wengi walimcheka: vijiti vinanunuliwa, umeme unanunuliwa, na yeye anataka kuviunguza bure. Fundi mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, enzi za zile mashine kuukuu, alikubali wapitie mchana, wakati wa chakula. Rula alikuja. Alishusha ngao, akagusa chuma, na moto ulipowaka tu akafumba macho na kukivuta kijiti nyuma. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Siku iliyofuata alikuja, akakaa, akakitazama kishikio. Iliyofuata hakuja.

"Amechelewa, mwalimu," yule fundi alisema, akifuta mikono. "Sisi moto ulitukuta wajinga, hatukuuogopa. Huyu umemkuta ana cheti."

Cheche akaenda kwa mkuu. Alisema anataka kulifuta neno lake, darasa zima liandikwe bado, na wanafunzi waambiwe. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Hayafutiki, mwalimu. Yameshakwenda juu. Transfoma bado iko njiani, lakini habari njema ni kwamba tumependeza. Kuna wageni wanakuja kutazama."

"Kutazama nini?"

"Chaki yako."

Wageni walikuja kwa magari mawili. Walipiga picha mashine za buluu, wakapiga picha ubao, wakapiga picha wanafunzi wapya wakichora. Kiongozi wao alikuwa bwana mtaratibu, mwenye tabia ya kutikisa kichwa kwa kukubali kila anapoambiwa jambo. Cheche alikuwa ameamua. Alipoitwa aeleze ubunifu wake, alisimama mbele ya watu wote, mkuu wake akiwapo, akasema:

"Wageni wetu, vijana hawa hawajui kuchomelea. Chaki inawafundisha kosa. Niliowathibitisha mwaka uliopita nao hawajui, na nilijua hawajui. Nimewadanganya ninyi, na nimewadanganya wao."

Bawabu aliyekuwa mlangoni akavua kofia. Kiongozi wa wageni akatikisa kichwa polepole, kwa heshima.

"Mwalimu, tunakushukuru kwa uwazi wako," alisema. "Hiyo ni changamoto muhimu sana." Akamgeukia msaidizi wake, naye akaiandika pamoja na changamoto nyingine. "Na kila mbinu ina changamoto zake. Sasa, hii ya chaki, mnaonaje tukaipeleka kwenye vyuo vingine visivyo na umeme? Gharama yake ni ndogo mno."

Wakapiga makofi. Ukweli wa Cheche ulipokelewa kama mgeni mwingine yeyote: ukapewa kiti, ukapewa soda, ukasindikizwa hadi getini. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, mdomo wazi. Alikuwa amedhani kwamba kusema kweli ni kama kuvunja kioo, kwamba lazima kitu kianguke. Lakini ukweli una wakati wake. Ukiuweka kabatini hadi amekwisha kudhurika yule uliyepaswa kumwokoa, ukija kuutoa umekuwa pambo tu.

Chaki ilipokubaliwa, chuo kikaruhusiwa kuongeza mwalimu msaidizi. Mkuu hakutafuta mbali. Alimtaka yule binti ambaye mshono wake ulimvutia mtathmini.

"Hapana," Cheche alisema. "Yeyote, si huyo."

"Mwalimu, nimeshamwita. Amekubali."

Cheche alikwenda moja kwa moja hadi kwa dada yake. Alimkuta cherehanini, na Rula anapasi kipande cha kitambaa. Macho ya binti yalikuwa yamepona, ila alikuwa amepata desturi ya kuyafinya kila mlango ulipofunguliwa.

"Dada, mtoto asiende," alisema bila salamu.

"Kaa kwanza. Hata 'hamjambo' huna?"

"Hawezi kazi ile. Atafundisha nini?"

"Na wewe unayeiweza," dada akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, "kuiweza kwako kumemsaidia nini?"

"Dada, watakuwa watoto wa watu. Watakwenda kuungua kama alivyoungua yeye."

"Watoto wa watu wana wajomba wao." Cherehani ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya Mama Mageti, dada yake alimtazama usoni. "Mdogo wangu, wewe umekula kwa chaki hiyo, umelala kwa chaki hiyo. Hukuona kosa lake mpaka lilipoingia humu ndani. Sasa inapotaka kumlisha mwanangu, ndiyo umekuwa mtu wa haki? Haki hiyo ilikuwa wapi siku ile nilipokuwa nampindia ovaroli?"

Cheche akamgeukia binti. "Na wewe, mama, unasemaje?"

Rula aliisimamisha pasi. "Nisemeje, mjomba? Kuna kitu kingine ninachokijua? Huko nje wananicheka. Pale nikichora wananipigia makofi." Akarudi kwenye kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja. "Nitawaambia wasikandamize. Kama ulivyotuambia wewe."

Kumjibu kungekuwa kujihukumu, naye Cheche hakuwa na ujasiri wa kujihukumu tena, maana siku ile mbele ya wageni alijihukumu na wakampigia makofi. Akaaga. Dada yake hakumsindikiza.

Muhula ulipofunguliwa, karakana ilijaa kuliko zamani, kwa sababu habari za chuo kilichotembelewa na wageni zilikuwa zimeenea, na wazazi walileta watoto wao kutoka mbali. Cheche alikaa nje ya karakana kwenye benchi, akisikiliza. Sauti ya Rula ilikuwa tulivu. Hakufokea mtu. Mwanafunzi akikosea alimshika mkono na kurudia naye taratibu, akamtania kidogo ili hofu imtoke, akarudia tena. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mjomba wake alivyowahi kuwa, na hilo likamuuma Cheche zaidi ya lolote, kwa kuwa alijua kwamba anachofundishwa mtu kwa upendo hakitoki mkononi kwa urahisi.

Wasichana wawili wakatoka kwenda kunywa maji bombani. Walikuwa wapya, ovaroli zao bado zina mikunjo ya dukani. Wakamsalimia, "Shikamoo, mwalimu," kisha mmoja, yule mchangamfu, akasogea.

"Mwalimu, samahani. Eti huyu mwalimu wetu mpya, kabla ya kuja hapa alikuwa fundi wapi?"

Cheche akamtazama. Alikuwa na umri wa Rula alipoanza, na alikuwa anasubiri jibu huku amekwisha kutabasamu.

"Kwa Mama Mageti," akasema.

"Umesikia?" binti akamwambia mwenzake, akimpiga begani. "Nilikuambia mimi! Mkono ule si wa kuanzia darasani." Wakacheka, wakafunga bomba, wakakimbilia ndani wasije wakapitwa na somo.